Moshi kuna kikundi cha AA? Natafuta kwa ajili ya kaka yangu

Dada wa Mwisho

Habari zenu wakuu, naombeni msaada na kama kuna anayejua mahali aniambie tu moja kwa moja bila kunizungusha. Niko Moshi mjini. Nina kaka yangu, ndo mkubwa wetu, fundi umeme mzuri tu ambaye zamani watu walikuwa wanampigia mpaka kutoka Himo wamsubiri yeye. Sasa hivi asubuhi hawezi kushika tesita mikono inatetemeka, mpaka apate ya kutoa loki ndo anatulia, na saa nne ikifika keshatafuta nyingine. Alianza na bia za jioni, baadaye vile viroba, na vilipopigwa marufuku 2017 sisi nyumbani tulishangilia tukajua yameisha, kumbe akahamia kwenye vichupa na gongo.

Sasa kilichonifanya niandike ni kwamba wiki hii kaniambia mwenyewe, hajalewa, tumekaa tu jikoni kwa mama, akasema "dada mimi nimechoka, kama kuna watu walikuwa kama mimi wakaacha nipeleke nikawasikie". Jamani hajawahi kusema hivyo tangu nimjue. Naogopa nikichelewa atabadilika.

Nimesikia kuna hivi vikundi vinaitwa AA, vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Nimezunguka mjini sijaona hata kibao. Nimeuliza parokiani nikaambiwa nimlete kwenye maombi, nashukuru na nitampeleka, ila yeye anataka watu waliopitia. Je AA ni dini? Kuna kulipia? Naruhusiwa kwenda naye maana peke yake najua ataishia njiani? Halafu Desemba hiyo inakuja, ukoo mzima unapanda nyumbani Kibosho na mnajua Krismasi ya kwetu ilivyo. Naombeni jamani.

Mangi Mkimya

Dada pole, na hongera kwa kusikiliza, maana hiyo sentensi aliyokwambia jikoni wengine tunakaa nayo moyoni miaka bila kumwambia mtu.

Mimi ni mlevi ninayeendelea kupona, nilianzia Dar sasa niko huku huku kaskazini. Ngoja nikujibu maswali yako kwanza halafu nikueleze ndani kukoje, kwa sababu najua anaogopa asichokijua.

Kibao hutakiona. AA ni kifupi cha Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina, hawajitangazi na watu wake hawatajwi, ndo maana ya hiyo A ya pili, kwa hiyo kikundi kinaweza kuwa kinakutana darasani nyuma ya kanisa unalosali kila Jumapili na usijue. Wanaojua ni watu wa kliniki za afya ya akili, kwa hiyo ulizia hospitali ya KCMC au Mawenzi, usiulize mapokezi, fika mpaka kliniki yenyewe uongee na nesi au mtu wa ustawi wa jamii. Wengine wanaojua ni wasimamizi wa nyumba za upataji nafuu, hizi mnazoziita soba hausi, nyingi zilianzishwa kwa ajili ya vijana wa heroini ila wanapokea na watu wa pombe na wanafuata hatua 12 za kupona zile zile za AA, na wanaopona wakitoka pale huwa wanaendelea kukutana. Halafu kuna namba ya bure 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, waulize nyumba zenye kibali zilizo karibu na wewe.

Si dini. Utasikia neno Mungu, kuna sala ya utulivu, lakini wanasema Mungu kadiri wewe unavyomwelewa, nimekaa kwenye duara moja na ustadhi, mzee wa kanisa la KKKT na kijana mmoja ambaye haamini kitu na wote tulikuwa tunasikilizana. Hakuna ada, hakuna fomu ya kujaza, hakuna kuandikishwa. Mwishoni kinapita kikapu, mwenye mia tano anaweka ya chumba na majani ya chai, asiye nayo anakipitisha. Sharti la kuwa mwanachama ni moja tu, kutaka kuacha pombe. Hawaulizi hata kama umeshaacha.

Kuhusu wewe kwenda naye, kuna vikao vya wazi na vya ndani. Cha wazi mtu yeyote anaingia, ndugu, mwanafunzi, nani. Cha ndani ni kwa mwenye shida ya pombe tu. Uliza kabla.

Sasa kikao chenyewe. Viti vinapangwa duara, saa moja au saa na nusu hivi. Anayeongoza siku hiyo si bosi wala daktari, ni mlevi kama wewe, wiki ijayo mwingine. Anafungua, mnasoma kidogo, halafu mtu anasema naitwa fulani, jina la kwanza tu, ni mlevi, wote wanamsalimia, anaongea ya kwake. Hakuna anayemkatisha, hakuna anayemshauri, hakuna anayemwambia "ungefanya hivi". Akimaliza wanamshukuru anaongea mwingine. Kaka yako akitaka kukaa kimya kikao kizima anakaa, mimi nilikaa kimya mara kadhaa za mwanzo naangalia sakafu na hakuna aliyeniuliza kitu. Baada ya kikao ndo watu wanasogea wanakupa namba zao za simu, na hapo ndo penye dawa yenyewe, maana hamu ya pombe haisubiri Alhamisi jioni, inakuja Jumanne saa nane mchana umekaa na hela ya fundi mfukoni, ndo unapiga.

Nitakutumia ujumbe pembeni.

Nesi wa Usiku

Dada wa Mwisho naomba unisikilize vizuri kabla hamjaenda kikundi chochote. Umesema asubuhi anatetemeka mpaka anywe. Mtu wa namna hiyo ASIACHE GHAFLA akiwa nyumbani. Najua mnavyofanya, mnamfungia chumbani mnasema avumilie siku tatu arosto iishe, yaani yale mateso ya mwili ukikosa pombe. Arosto ya pombe inaua, hii si ya kutisha watu, tunaiona wodini.

Inakwenda hivi, masaa kama sita mpaka kumi na mbili tangu glasi ya mwisho anaanza kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kutapika, usingizi hakuna. Kati ya hapo na siku ya pili anaweza kupata degedege, anaanguka kama mtu wa kifafa hata kama hajawahi kuwa nacho. Siku ya pili mpaka ya nne ndo wengine wanachanganyikiwa kabisa, anaona wadudu ukutani, anaongea na watu ambao hawapo, homa inapanda, na hapo familia nyingi zinasema karogwa au ana mapepo, wanampeleka kwa mganga wakati anatakiwa kuwa kitandani hospitali.

Hospitali wanampima, wanampa dawa za kutuliza kama diazepam kwa dozi inayoshuka siku hadi siku, na vitamini B1, maana pombe ya muda mrefu inaimaliza mwilini na ubongo unaumia. Na jambo lingine, mkimwona amelegea msikimbilie kumtundikia dripu ya glukosi kwenye duka la dawa, B1 inatakiwa itangulie. Semeni ukweli anakunywa nini na kiasi gani kwa siku, na mara ya mwisho saa ngapi. Hatumhukumu mtu.

Mpaka siku ya kumwona daktari msimnyang'anye ghafla yote. Najua inauma kusikia hivyo ila ni salama kuliko kumkuta ameanguka bafuni. Kwa hiyo kliniki kwanza, kikundi hapo hapo, vyote viwili vinaenda pamoja.

Kijana wa Pasua

Kuna dawa ya unga inauzwa mtandaoni unamwekea kwenye chai hajui, akinywa pombe anatapika mpaka anaichukia mwenyewe. Mjomba wangu aliwekewa. Haina haja ya kumzungusha kwenye vikundi.

Nesi wa Usiku

Kijana wa Pasua najua una nia njema ila hapana, na naomba wanaosoma wasifanye. Kama ni ile dawa ninayoidhania, inaitwa disulfiramu, ni dawa halali kabisa ya hospitali lakini anapewa mtu ANAYEJUA, aliyekubali, aliyepimwa moyo na ini, ambaye pombe imeshatoka mwilini. Mtu asiyejua atakunywa kama kawaida, presha inashuka, moyo unaenda vibaya, mtu anaweza kufa mbele yenu. Na kama si hiyo basi hakuna anayejua huo unga ni nini. Halafu fikiria siku akigundua chai ya dada yake ilikuwa na kitu, nani ataaminiwa tena pale nyumbani.

Mke wa Dereva

Dada mdogo wangu nimesoma nikaona unafanana na mimi miaka ile. Umeandika kila kitu cha kaka, hujaandika chochote cha kwako. Unalala? Unakula? Maana tunaoishi na mlevi tunakuwa walinzi, unajua hatua zake getini amelewa kiasi gani kabla hajagusa mlango.

Kuna kikundi cha ndugu wa walevi kinaitwa Al-Anon, kilianza 1951 kule Marekani, walikianzisha wake wa hawa hawa watu wa AA. Huku kwetu mikoani ni vigumu kukipata cha ana kwa ana, mimi nahudhuria kwa simu. Nilichojifunza ni kwamba pombe yake sikuisababisha, siwezi kuidhibiti na siwezi kuiponya, na kuna vitu nilikuwa namfanyia nikidhani nasaidia, kulipa deni lake la kilabuni, kumpigia bosi wake nikisema anaumwa malaria. Malaria gani kila Jumatatu! Nilipoacha kumfunika ndo alianza kuona mwenyewe.

Wifi yako je, mke wake yupo? Mshirikishe, msifanye mambo nyuma yake.

Na mkiambiwa habari ya kumpeleka kukaa kwenye kituo, nendeni mkakione kwanza kwa macho yenu. Ndugu yetu mmoja alipelekwa mahali, sitaji, wanapigwa na kufungwa minyororo, simu wananyang'anywa na familia inaendelea kulipa kila mwezi. Ukikatazwa kuingia kuona wanapolala, ondoka.

Jirani wa Nairobi

Hamjambo ndugu zetu. Mimi niko Nairobi, na huku vikundi vya AA viko vingi, karibu kila siku ya wiki unapata mkutano mahali, mchana na jioni, kwa hivyo kama kaka yako ana safari ya huku asikose. Kwetu pia kuna laini ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, mtu anaongea na mshauri, lakini hiyo ni ya Kenya.

Nilitaka nikuambie juu ya mikutano ya mtandaoni. Wakati wa korona mikutano yetu yote ilifungwa tukahamia Zoom, na wengine hatukurudi kabisa. Kuna tovuti ya Online Intergroup ya AA, inaorodhesha mikutano ya dunia nzima saa yoyote, unachagua lugha na saa, unaingia bila kuwasha kamera, jina unaandika herufi moja kama unataka. Nyingi ni Kiingereza, kama kaka yako hakipendi inaweza kumchosha. Lakini kwa mtu ambaye mji wake ni mdogo na anaogopa kuonekana, inasaidia sana kuanza hivyo, anasikia tu. Mimi nilisikiliza mikutano nikiwa kwa matatu na earphone kabla sijaingia kwa chumba.

Ila asiishie kwa simu. Simu unaizima ukitaka kunywa. Mtu aliyekaa kiti cha kando yako humzimi.

Dada wa Mwisho

Jamani asanteni sijui hata niseme nini, nimesoma nikiwa nalia kidogo. Mke wa Dereva silali vizuri ni kweli. Wifi yupo, nimemwonyesha huu uzi.

Nimeongea na kaka. La hospitali amekubali, nilimsomea alichoandika Nesi neno kwa neno na kwenye ile habari ya wadudu ukutani akanyamaza, halafu akasema yalishamtokea mwaka juzi alipokuwa Tunduru kikazi na hakumwambia mtu, alidhani anarukwa na akili. Ila la kikundi ameanza kusita. Anasema Moshi ni ndogo, mafundi wote wanajuana, atakutana humo na mtu ambaye yeye alimfungia nyaya nyumbani kwake. Halafu anasema hata akiacha, Kibosho atakaaje? Yeye ndo mkubwa, baba hayupo, mbege, ile pombe yetu ya ndizi, ikitengwa kata ya kunywea inaanzia kwake. Hapo sikuwa na jibu.

Meku wa Rombo

Mwanangu hapo umegusa penyewe, nami ni mzee wa kutoka Rombo na sijaonja kwa miaka mingi, na vikao vya ukoo nimeviongoza vyote.

Mbege kwetu si ulevi tu, tusidanganyane. Posa haiendi bila mbege, mahari, matanga, kumpatanisha mtu na ndugu yake, kila kitu kina pombe yake na ndizi zake na ulezi wake, na anayekataa kata anaonekana amekataa watu. Ndo maana vijana wetu wanaoacha wanarudia Desemba. Wanamaliza mwaka mzima mjini vizuri halafu wanapanda nyumbani wiki moja tu.

Nilichofanya mimi, sikusubiri siku ya kikao. Nilimfuata mdogo wangu anayenifuata kabla, kwake, mchana, nikamwambia daktari amenikataza na mimi mwenyewe nimekataa, kwa hiyo kata ikija utaipokea wewe kwa niaba yangu. Siku ilipofika nikasimama nikaomba, nikasema maneno ya mkubwa yote kama yanavyotakiwa, kata nikaielekeza kwake, akanywa. Hakuna aliyeguna isipokuwa shangazi mmoja. Heshima ya mkubwa iko kwenye neno lake na kugawa, haimo kwenye koo. Kaka yako ana mdogo wake wa kiume? Kama hana hata baba mdogo anafaa. Mpangeni sasa hivi, msingoje tarehe ishirini.

Na togwa mwangalieni nayo. Watu wanasema mpe togwa si pombe. Ya leo sawa, ya siku ya tatu imeshachacha, nimemwona mtu amerudi kwenye ulevi kwa mlango huo. Chai ya maziwa, soda, basi. Na asilale kule siku zote, apande asubuhi ashuke jioni na mtu wake, mwaka wa kwanza huu.

Mangi Mkimya

Meku shikamoo, hiyo ya kumpa mdogo kata naichukua na mimi.

Dada, kuhusu woga wake wa kukutana na mtu anayemjua. Atakutana naye, inawezekana kabisa. Lakini huyo mtu naye atakuwa amekaa kwenye kile kiti kwa sababu ile ile, na kinachosikika humo hakitoki nje, wanayarudia hayo kila kikao. Mwambie pia mtaani wanajua tayari. Anayemwona akiyumba saa nne asubuhi pale stendi hahitaji kuambiwa na AA kwamba ana shida.

Na kama mkizunguka kliniki mkakuta kikundi kilichokuwepo kimekufa, maana huwa vinakufa, mtu mmoja akihama mkoa kimekwisha, msirudi nyumbani mkakata tamaa. AA ilianza na watu wawili. 1935, mji wa Akron, Ohio, dalali wa hisa kutoka New York aliyekuwa ameacha na anahisi anataka kurudia, akatafuta mlevi mwenzake aongee naye, akapelekwa kwa daktari mmoja mpasuaji ambaye naye pombe ilikuwa inammaliza. Walikaa wakaongea masaa. Yule daktari alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni mwaka huo, na hiyo ndo wanaihesabu siku ya kuzaliwa kwa AA. Hakukuwa na ukumbi wala ofisi wala kitabu, kitabu kilikuja 1939. Na kwenye mapokeo yao imeandikwa kabisa kwamba walevi wawili watatu wakikutana kwa ajili ya kuacha wanaweza kujiita kikundi cha AA, ilimradi kikundi hakijafungamana na kitu kingine.

Kwa hiyo tunachohitaji ni chumba, siku moja isiyobadilika na saa isiyobadilika. Hata akija mmoja tu, kikao kinafanyika. Chumba tukipewa na kanisa au shule tutoe hela kidogo ya umeme kila mwezi ili kisiwe cha mtu. Mimi niko tayari kushuka Moshi kila Jumamosi jioni, naomba Mungu anipe uzima, na nina mwenzangu mmoja yuko Boma anaweza kuja. Na kaka yako watatu. Asije kama mgonjwa anayeletwa, mwambie tunamhitaji, mimi namhitaji, kwa sababu nikikaa muda mrefu bila kumsikia mtu aliyetoka jana kwenye chupa naanza kusahau ilivyokuwa.

Mke wa Dereva

Mangi ubarikiwe. Na sisi ndugu tupewe chumba cha pembeni tukae na chai yetu, mimi na dada na wifi, tayari ni watatu.

Kijana wa Pasua

Nimeelewa Nesi. Hicho kikao cha Jumamosi kikianza naweza kumleta mjomba? Ile dawa ilimsumbua kweli alilazwa, na bado anakunywa.

Mangi Mkimya

Mlete. Muulize kwanza kama anataka.

Dada wa Mwisho

Kliniki ni Jumatatu asubuhi, wifi ndo anakwenda naye mimi nabaki na watoto, alitaka mke wake. Nimeandika kwenye karatasi anakunywa nini na kiasi gani kama Nesi alivyosema, alinisahihisha mwenyewe, nilikuwa nimeandika kidogo. Daktari akisema alazwe atalazwa, Jumamosi itakayofuata akitoka ndo aje.

Mdogo wetu wa kiume yupo Babati, nimempigia ya Meku, amesema kata ataipokea na ataongea na shangazi mapema.

Mangi nimeona ujumbe wako. Kaka anauliza hivi, chumba tukikosa kanisani, kuna karakana yake ya zamani pale karibu na Soko la Mbuyuni, viti vipo na umeme ameuvuta mwenyewe, inafaa?

Mangi Mkimya

Inafaa kwa kuanzia. Mwambie atoe chupa zote kwanza, asitoe peke yake, tutakuja tumsaidie.